Ndiyo za Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama bado hasemi wala hageuzi shingo, na mimi nimekosa raha kwa sababu ya miwani.

Tangu kiharusi kimpate, hospitali walimpa miwani inayofuata macho. Kwenye kioo, kulia kuna neno "Ndiyo", kushoto "Hapana". Akilikazia macho moja, miwani inalitamka. Fundi aliyekuja nyumbani kuirekebisha alituambia haina hila, inasoma jicho tu.

Mwanzoni tulifurahi. Kisha nikaanza kunusa kitu. Unamjua mama, ametulea kwa "hapana". Sasa kila kitu ni ndiyo. Kaka mkubwa akatania kwamba ugonjwa umemlainisha. Lakini nilipomwuliza kama nimtilie sukari kwenye chai, miwani ikasema ndiyo, na wewe unajua mama na sukari ni paka na panya. Alipoionja chozi lilimtoka.

Wiki hiyohiyo Kaka akamwuliza mbele yangu kama tuuze nyumba, ahamie kwake. Ndiyo. Damu ilinichemka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alimwita fundi? Kaka. Nani alikiweka kiti cha mama pale ubavuni mwa kabati na kukataa kisisogezwe? Kaka. Nilipomwambia nina shaka, alinijibu kwa upole ulionizidishia shaka: "Mama amesema mwenyewe. Mimi ni nani nimbishie?" Na mnunuzi alikuwa aje Jumamosi.

Ijumaa, Kaka akiwa kazini, nilikigeuza kiti kikaangalia upande wa pili. Nikauliza, tuuze nyumba? Hapana. Nikajua nimemkamata mwizi. Nikaendelea. Una njaa? Hapana. Unaumwa? Hapana. Mimi ni mwanao? Hapana. Nikachuchumaa, nikaweka shavu langu kwenye shavu lake, nikatazama anakotazama.

Alikuwa anatazama mlango. Kiti kikiwa pale pa zamani, mlango uko kulia kwake. Nilipokigeuza, ukawa kushoto. Hakuwa akitujibu hata kidogo. Kaka aliporudi nilimweleza, akakaa sakafuni na viatu vyake vya kazi. Akasema alikiacha kiti pale kwa kuwa kila alipomwelekeza dirishani, mama alilia. Niliona aibu, nikamwomba radhi. Mnunuzi tumemrudisha.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Ule ndio mlango uliotokea wewe, ukaaga kwamba unarudi sasa hivi, na huu ni mwaka wa tatu. Macho hayana pazia, mdogo wangu. Sisi ndio hatukuuliza yanatafuta nini.

Fundi ameyahamisha maneno, moja juu, jingine chini, na kiti kimerudi mahali pake. Mama amekataa kuuza nyumba, na sukari pia ameikataa. Jana nikamwuliza kama nikuandikie uje. Kwa mara ya kwanza aliuacha mlango, akatazama juu. Miwani ikasema ndiyo, ikasema tena ndiyo, ikarudia na kurudia, mpaka Kaka akatoka nje.

Kaka anakusalimu, ingawa siku hizi mimi ananiita Mpelelezi. Wasalimie wote unaoishi nao. Usijibu barua hii. Njoo.

Ni mimi dada yako.