Chuma Chembamba cha Jembe

Wamaza, siku ya ine

Yaya Faradji, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu, wewe na watoto. Huku tuko wazima. Mvua imeanza, na mbuzi wa Mama amezaa mapacha.

Jembe la trakta ulilotununulia huko Kasongo lilifika. Wanawake wa shirika waliliimbia, wakaniambia mimi, dereva wao, nilifunge. Yaya, vyuma vyake vya kuingia kwenye mikono ya trakta viko vyembamba. Uliponiuliza kwa simu tundu za mikono ya trakta ziko kubwa namna gani, nilisema kidole gumba changu kinaingia. Kiliingia kweli. Sikukuambia kwamba kilikuwa kinacheza ndani.

Niliona haya kusema mbele ya watu. Nikaviringisha mpira wa baiskeli kwenye vyuma mpaka vikajaa. Leo, jembe likiwa juu, mpira ulikatika, chuma kikachomoka, jembe likaanguka. Mama alikuwa ametoka chini yake punde tu, alikokuwa anatoa majani yaliyokwama. Yeye alicheka.

Kesho wanataka kulima kule kwenye mteremko.

Motari, huyu wa pikipiki aliyekuletea barua hii, ana chuma kimoja nilichokifungua kwa siri kwenye jembe, na kijiti nilichokichonga mpaka kikajaa tundu. Tafuta pete mbili za chuma: ndani zienee chuma, nje zienee kijiti.

Asubuhi watauliza chuma kiko wapi. Nitainama kwenye majani kukitafuta pamoja nao. Fanya haraka, yaya. Mama ataniangalia usoni, na sitaweza kumdanganya siku nyingi.

Mdogo wako,
Malaika