Moto Karakanani: Maelezo ya Msichana wa Meza ya Vifungo

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: kazini huitwa Kimya (jina kamili lipo kwenye jalada)
Umri: miaka 18
Kazi: kushona vifungo, karakana ya sare za shule
Makazi: kwa mama yake mdogo, nyuma ya karakana

Nimemaliza shule mwaka huu. Naishi na mama yangu mdogo, ambaye ndiye fundi mkuu wa karakana. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyetupangia la kufanya moto ukitokea.

Kila Ijumaa baada ya chai aligonga mkasi kwenye meza ya chuma. Tuliacha cherehani, tukatoka kwa mlango wa nyuma hadi kwenye tangi la maji uani. Hapo alituita mmoja mmoja, na kila mtu alijibu, "Nipo." Mpiga pasi alizoea kumtania kwamba anatuchunga kama kuku, naye alimjibu kwamba kuku wa kwanza kubanikwa atakuwa yeye. Sauti yangu haikumfikia. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, una sauti ya mbu. Wewe ukifika nje nivute aproni, nitajua upo." Tangu hapo nilimvuta aproni. Nilipenda kufanya hivyo.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa nane mchana, umeme ulikatika. Mpiga pasi alitoka kupunga upepo, akaiacha pasi juu ya sketi bila kuichomoa. Umeme ulirudi kabla yake. Nilisikia harufu, kisha nikaona rundo la sketi linawaka. Mama mdogo aligonga mkasi. Hakuna aliyekimbia. Tulitoka kama Ijumaa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, kwa kuwa mama mdogo hakuruhusu marobota ya vitambaa yapangwe pale, hata tajiri mwenye karakana alipolalamika.

Jambo ambalo hatukuwahi kulifanyia mazoezi ni watu. Majirani walijaa uani, wengine na ndoo, wengine kutazama tu. Nilisukumwa hadi ukutani. Nilimsikia mama mdogo akiita, na wenzangu wakiitika. Aliniita. Aliniita tena. Nilijaribu kupenya nikaishike aproni yake, lakini mzee mmoja alinizuia, akaniambia nitulie, mtoto, moto si sinema. Nilipotokeza kwenye tangi, mpiga pasi alikuwa analia. Alisema, "Amerudi ndani kukutafuta."

Wazima moto walimtoa akiwa hai. Amelazwa. Moshi umemuumiza koo, na daktari hajui sauti itarudi lini. Jana nilikaa kando ya kitanda, nikavuta pindo la shuka. Alifumbua macho, akanishika mkono. Natamani aniite tena kama pale uani, hata kama ni kwa kunigombeza.

Umeniuliza kuhusu kauli ya tajiri, kwamba fundi mkuu aliumia kwa kiherehere chake. Si kweli. Aliita watu wake, mmoja hakusikika, akamfuata.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nami nakubali kuwa ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Dokezo la ofisa: Shahidi alizungumza kwa sauti ya chini sana, na mara kadhaa nilimwomba arudie. Baada ya kutia sahihi, alifika mlangoni akarudi. Aliomba iandikwe kwamba siku ile, mara zote mbili alipoitwa, aliitika. Nimeandika.