Mwenye Mguu Wako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako karibu na dirisha, miwani puani, mguu umeinuliwa juu ya stuli kama daktari alivyoagiza. Ila nakufahamu, na najua stuli hiyo umeshaisukumia mbali. Mama anaendeleaje na kifua chake? Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakula na kukua, na yule mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo siku hizi akisema neno nusu yake hutoka upepo. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, na nitakueleza kwa nini.

Barua yako niliipata Jumanne ya wiki iliyopita. Niliisoma nimesimama kwenye korido ya hoteli, vijiti vya ngoma kwapani, huku wenzangu wa bendi wakiniita tukajaribu vipaza sauti. Nimeelewa kwamba madaktari wamekubaliana mguu wa kulia ukatwe chini ya goti, kwa kuwa sukari imeshaumaliza. Nimeelewa kwamba ulikataa kutia sahihi mara mbili, Mama akalia, na mara ya tatu ukatia. Halafu nikafika kwenye ile sentensi uliyoipigia mstari: "Wauchukue tu. Mguu wangu wa kweli unao wewe, nimeusikia kwa masikio yangu." Ukamalizia kwa kusema Jumamosi ya wiki hii ngoma zako zitapakiwa kwenye lori la jirani ziletwe kwangu, maana ngoma huenda kwa mwenye mguu.

Nililia pale pale. Wenzangu walidhani ni kwa ajili ya upasuaji, wakanipa pole, nami nikaipokea hiyo pole kama nilivyozoea kupokea visivyo vyangu.

Ningekupigia simu, Baba, lakini wewe simu huikata mtu akianza tu kusema usichotaka kusikia. Barua haikatiki. Unaweza kuichana, hiyo ni haki yako, ila nakuomba uichane ukishafika mwisho.

Kwanza nikupe habari za Waya. Najua hukuuliza. Jumapili nilikwenda kumwona mdogo wangu, kwenye karakana ile ile anakosuka upya mota zilizoungua, za pampu na za feni. Jina ulilompa akiwa mtoto kwa sababu ya kufungua redio zako, sasa limekuwa kazi yake. Anakaa kwenye benchi na mzingo wa waya wa shaba, anazungusha, midomo ikihesabu bila sauti, na vidole vimejaa mikwaruzo midogo midogo. Tajiri wake anamheshimu. Aliniambia mota za mdogo wangu hazirudi.

Anaishi chumba cha nyuma ya karakana. Unakumbuka alivyokuwa na mitambo ya muziki hadi hapakuwa na pa kuweka mguu? Imeuzwa. Imebaki kompyuta moja kuukuu iliyofunikwa taulo, na spika moja ambayo haikupata mnunuzi, juu yake ameweka jiko na sufuria mbili. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho alitengeneza muziki. Akanyoosha pembe ya taulo, akasema ni mwaka wa tatu huu, kwamba alichoka kuwasha umeme.

Hayo maneno ni yako, Baba. Sijui kama unayakumbuka. Ilikuwa miaka tisa iliyopita, siku wimbo wetu ulipopigwa redioni mara ya kwanza. Uliwaita majirani na yule rafiki yako mpiga tarumbeta, sebule ikajaa, ukaongeza sauti, ukainua kidole watu wanyamaze. Ukasema: "Mashine haichelewi. Msikilizeni huyu, kwenye pigo la nne anachelewa kidogo, kama mtu anayevuta mguu. Huo ni mguu wangu." Mpiga tarumbeta akatikisa kichwa, akakubali kwamba ni wewe mtupu, kwamba tangu ulipovunjika mguu ukiwa kijana hakuna mwingine aliyekanyaga ngoma hivyo. Mimi nikapigwa mgongoni na kila aliyenifikia. Kisha ukamgeukia Waya, mbele ya wote, ukamwambia: "Dada yako anapiga muziki. Wewe unawasha umeme tu."

Kuna jambo hukuliona siku ile. Waya alikuja na wimbo wake mwenyewe kwenye flashi, alitaka usikilize wageni wakiondoka. Nilimwona akiitoa na kuiweka mezani kabla ya redio. Uliposema vile aliirudisha mfukoni, akala, akamsaidia Mama kutoa sahani. Tangu hapo amekuja nyumbani mara mbili, zote Mama alipolazwa.

Wala sikuandikii ili nikushtaki wewe, maana mimi nilikuwa mbele yako kwa kelele. Kule hotelini, kati ya wimbo na wimbo, nilikuwa nashika kipaza sauti na kuwaambia wageni kwamba sisi ni watu wa nyama na damu, hapa hakuna kubonyeza vitufe, na wageni wanapiga makofi. Nilisema muziki wa kompyuta ni chakula cha kuchorwa ukutani. Watu walicheka sana.

Wakati Waya bado anapiga, niliwahi kwenda kumsikiliza bila kumwambia. Ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Nilikwenda kucheka, nisikufiche. Nikamkuta nyuma ya meza, ameinama, kitu kile kile kinajirudia na kujirudia hadi nikataka kumuuliza jirani yangu wimbo utaanza lini. Halafu nikaona kwamba haitazami kompyuta. Anatazama miguu ya watu. Kundi moja pembeni lilipoanza kuchoka, aliutoa mdundo mzito, akawaacha wapumue, kisha akaurudisha, na aliurudisha umechelewa kidogo tu. Ukumbi mzima ulitua pamoja. Mama mmoja mfagizi alitua na ufagio wake. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mpiga ngoma asiyesoma miguu ya watu anajipigia mwenyewe. Niliondoka kabla Waya hajaniona, kwa sababu kule kuchelewa nilikufahamu.

Sasa, Baba, vumilia.

Mwaka ule tulipokwenda studio kurekodi wimbo ule, kifundo cha mkono wangu wa kulia kilikuwa kimevimba. Niliumia nikaficha, na mficha maradhi unajua kinachomuumbua. Siku tatu nilipiga na siku tatu nikaharibu. Fundi mitambo alikuwa anavua vidude vya masikioni na kuhema. Kiongozi wa bendi akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikishindwa na siku ya nne atamwita mpiga ngoma mwingine, na sote tulijua mwingine akishakaa kwenye kiti haondoki.

Waya alikuwa kibarua pale, kazi yake kukunja nyaya. Alinikuta chooni nimetumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji baridi. Aliniomba nipige kila ngoma mara chache tu, moja moja, kadiri mkono utakavyoruhusu, halafu nikapumzike. Akazichukua zile sauti, akazungumza na kiongozi wa bendi na fundi mlango ukiwa umefungwa, na siku sita mfululizo akakaa kwenye kompyuta akiupanga wimbo, pigo baada ya pigo.

Aliponiita nisikilize mara ya kwanza, mapigo yalikuwa yamenyooka kama saa ya ukutani. Nilimwambia imekufa hii. Nilimwambia kwa dharau, mimi niliyekuwa nimebebwa. Yeye akaanza kusogeza sauti ya ngoma ya kukanyaga kwenye pigo la nne, unywele mmoja nyuma, kisha mwingine, hakuna lililolingana na mwenzake, na kwenye ubeti wa mwisho akalivuta zaidi, kama wewe ulivyokuwa ukilivuta ukichoka. Nilisikia umeingia chumbani, Baba. Nikamuuliza amejifunza wapi, maana wewe hukuwahi kumfundisha hata siku moja. Akageuka, akanionyesha mgongo.

Unaikumbuka ile ngoma kubwa ya kukanyaga ilivyokuwa ikiteleza kwenye sakafu ya saruji? Ulikuwa unafanya mazoezi kila mchana, na kila ukikanyaga inasogea mbele. Ulijaribu tofali, likakwangua rangi. Basi ukawa unamketisha Waya mbele yake, mgongo umeegemea ngoma, miguu ameinyoosha, aizuie isiende. Ulimwita jiwe. "Jiwe liko wapi?" na yeye anakuja mbio. Mimi ulinipakata, ukaniwekea vijiti mkononi, ukanifundisha. Yeye alikaa tu pale mchana baada ya mchana, tangu alipojua kukaa hadi miguu ikarefuka ikagonga ukuta. Aliniambia kwamba alikuwa anajua umechoka kabla wewe hujajua, kwamba hadi leo akilala chali anausikia mguu wako mgongoni.

Kwa hiyo mguu uliousikia redioni si wangu. Katika wimbo ule, mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali hata pamoja ninapopiga mimi. Ule uliowawekea wageni miaka tisa ili waone muziki wa kweli ulivyo, ni muziki wa mashine, na aliyeutengeneza ni mwanao uliyesema anawasha umeme.

Siku ile sebuleni nilisubiri Waya aseme. Naye, nimekuja kujua, alikuwa ananisubiri mimi. Tulipokuwa tunaelekea kituoni aliniambia nikuache ufurahi. Nilikubali haraka mno. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimetembea nayo miaka tisa, nimevaa kilemba cha ukoka, na kila nilipokuja nyumbani ulinikazia kilemba hicho wewe mwenyewe. Mkono ulipona zamani. Nimejaribu kulipiga pigo lile nikiwa peke yangu, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Ama nawahi, ama nachelewa vibaya. Hukuweza kujua, kwa sababu miguu haikukuruhusu kuja hotelini, na kila ulipotaka kunisikia ulisikiliza wimbo ule.

Jumapili nilimwambia Waya kwamba nitakuandikia. Alizungusha waya hadi mzingo ukaisha. Kisha akaniomba nisubiri upasuaji upite, nisikupeleke chumba cha kukatwa na mzigo huu. Nimemkatalia, na huenda nimekosea tena. Lakini sahihi yako umeitia ukiegemea uongo wangu, Baba, nami siwezi kukaa hospitalini nimeshika mkono wako nikijua hivyo. Sahihi usiifute, nakusihi. Mguu ukatwe, upone, uishi. Ila ujue ulikobaki.

Jumamosi lori likija, ngoma zisije kwangu. Mwelekeze dereva kwenye karakana, Mama anapajua. Waya hajui kushika vijiti, na chumba chenyewe ni kidogo, pengine ataishia kuziwekea sufuria juu. Hata hivyo ziende. Kuhusu kama anachofanya ni muziki au si muziki, mimi sina tena mdomo wa kubishana. Hukumu uliitoa wewe, mbele ya wageni, ukiwa umeinua kidole. Yeye hajawahi kuambiwa kwamba sifa ile ilikuwa yake.

Nitafika kwenu Jumapili, siku moja kabla hujalazwa. Nikikuta mlango umefungwa nitaelewa, nitakaa kwa jirani hadi Mama atoke. Waya hatakuja mpaka umwite wewe. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, kwa tarakimu kubwa. Pale karakanani mota zinanguruma mchana kutwa, hivyo anaweza asisikie simu ikilia. Asipopokea mara ya kwanza, piga tena. Na akipokea akanyamaza, usikate.

Mama umsalimie sana, umwambie asinionee huruma. Wajukuu wanakuamkia, na yule kibogoyo wangu anauliza utapewa mguu wa rangi gani. Mungu akulinde, akuvushe salama.

Wasalaam,

Binti yako wa kwanza,
nisiye na mguu wako.