Kanda Ambayo Sikuiweka Kwenye Blogu

Jumatatu, 5 Machi 2007
Nimerudi kazini, nimekula wali wa jana nimesimama. Kwenye blogu nimeandika kuhusu kurekodi mikono: mwache mtu afanye kazi yake, maneno yatakuja yenyewe. Nimetoa mfano wa Mama Neema akitwanga sombe, kisamvu cha kwao Kongo, jikoni kwake Peckham, London. Mwaka mzima namrekodi. Filamu bado haina mwisho.

Alhamisi, 8 Machi
Mama Neema alikwenda uhamiaji kusaini, kama kila mwezi. Hakurudi. Wamemzuia. Binti yake, Neema, kanipigia akilia, Kiingereza kitupu. Yeye ana karatasi za kuishi hapa. Mama hana. Nimemchukua akae kwangu. Hataki kula.

Jumamosi, 10 Machi
Ndege ya kumrudisha Kongo ni Jumanne jioni. Wakili wake anataka ushahidi mpya. Ninao. Kanda ile anamosimulia wanajeshi walivyomtenda Uvira. Alinisimulia kwa sharti kwamba isitoke nje. Neema hajui lolote. Naogopa hata kuigusa.

Jumapili, 11 Machi
Nimetangaza kwenye blogu kwamba amekamatwa. Wasomaji wananisukuma: weka kila ulichonacho, watu wapige kelele. Nimeikata kanda. Dakika nne. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii, na najichukia kwa kuliona hilo. Ilikuwa tayari kupandishwa Mama Neema alipopiga simu kutoka kizuizini.

"Dada, ile usiweke. Neema ataiona."

"Watakurudisha, mama."

"Wanirudishe. Mutoto wangu asiione."

Nikamwuliza: na jaji je, peke yake?

"Jaji aone. Yeye hanijui."

Jumanne, 13 Machi
Wakili ameipeleka mahakamani. Asubuhi kimya. Mchana kimya. Msomaji mmoja ameniita mwoga. Huenda ni kweli. Huenda nimemmaliza kwa heshima zangu. Neema amejifungia bafuni, amekaa sakafuni. Nami nimekaa upande huu wa mlango. Saa ya ndege imefika. Imepita. Hakuna anayepokea simu.

Jumatano, 14 Machi
Walimshusha garini uwanja wa ndege, ngazi za ndege anaziona. Ndipo amri ya jaji ya kusimamisha safari ikafika. Wakili kaonya tusishangilie, kesi ndiyo kwanza inaanza upya.

Jumapili, 1 Aprili
Wamemwachia kwa dhamana. Amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alikuja moja kwa moja kwangu. Neema akamwuliza jaji alionyeshwa nini.

"Mambo ya zamani, mama," akamjibu binti yake.

Neema hakuuliza tena. Mama Neema amesinzia kwenye kochi na viatu vyake miguuni. Binti amemvua taratibu, kimoja kimoja, akazima televisheni. Nje mvua. Nimepika chai. Tumekunywa wawili, tukimsikiliza anavyokoroma.