Maji ya Miguu ya Mama

Nyarugusu, Geita
4 Mei 2024

Kwa wifi yangu Mama Nelly,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na Nelly mzima, na kaka Amosi huko Kahama kwenye kazi zake za ujenzi awe mzima pia. Sisi huku tupo. Fredy anaota meno ya juu, ananing'ata akinyonya halafu ananitazama aone nitafanya nini. Baba yake, Edson, anaingia duarani asubuhi, kwenye shimo la dhahabu, anatoka ana udongo mpaka kwenye kope, lakini anatoka, na hilo ndilo ninaloliombea.

Wifi, nimeandika badala ya kupiga kwa sababu nikipiga simu ya mama unapokea wewe, halafu unaweka spika. Mama akinijibu najua na wewe unasikia. Kuna mambo hayasemeki hivyo.

Asteria, yule anayetoa mchele huko kuja kuuza machimboni, alipita kwenu kumsalimia mama. Amerudi na maneno. Anasema mama amekonda, ngozi ya miguu imekauka na kupasuka, anajikuna mpaka damu, na chini ya unyayo ana kidonda ambacho hakiponi tangu mavuno. Anasema chai anakunywa bila sukari, na michembe, viazi vikavu alivyotulea navyo, unampimia kwa kikombe. Kanisani anakwenda na raba za kiume za kaka, watu wanacheka. Unamchoma sindano tumboni kila asubuhi na wewe si nesi. Jioni unamshika miguu, unamulika tochi kwenye nyayo na katikati ya vidole, kama mtu aliyedondosha kitu. Na kwenye kona ya chumba chako kuna chungu kimefukiwa kwenye mchanga mbichi, Nelly akikisogelea anafukuzwa.

Sikushtaki. Nauliza tu. Unatafuta nini kwenye nyayo za mama? Na maji unayomwoshea miguu unayamwaga wapi? Wewe ni wa hukohuko, umekua ukiambiwa kama mimi kwamba anayekupata kwenye unyayo amekumaliza. Usinione mshamba.

Nina imani utanijibu vizuri moyo utulie.

Wifi yako,
Wema, Mama Fredy


Mhunze, Kishapu
10 Mei 2024

Mama Fredy,

Marahaba. Sisi wazima, na Fredy mpe pole ya meno. Mama anakusalimia, ingawa hajui nakuandikia nini.

Umeuliza maji. Namwaga kwenye mchicha. Mchicha huo tunakula mimi, mama na Nelly, kwa hiyo kama ni uchawi nimeshajiroga na mwanangu.

Mama ana kisukari. Ulishaambiwa mwaka juzi ukasema ni uzee. Kile kidonda hakikutupwa na mtu. Zile katambuga zake za tairi, msumari mmoja uliinuka kwa ndani, naye akawa anatembea juu yake kwenda sokoni na kurudi. Nilipoona damu kwenye kiatu nikamuuliza, akasema itakuwa damu ya kuku. Wifi, msumari umemwingia mtu mzima naye hana habari. Kliniki walinieleza kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi inaua hisia za miguu. Unaweza ukachomwa, ukakatwa, ukaungua, na wewe umekaa unapiga hadithi. Ndiyo maana namulika. Yeye miguu yake haimwambii kitu, basi naiangalia mimi. Katambuga nilizichoma moto. Raba za Amosi zinachekwa na watu, lakini zinafunika vidole na hazimbani.

Ngozi kukauka ni ugonjwa uleule. Nampaka mafuta, ila si katikati ya vidole, pale pakibaki na unyevu panaota ukungu. Chungu kina chupa ya dawa ya sindano. Inataka ubaridi na friji hatuna, nesi ndiye aliyetufundisha mchanga wa maji. Nelly namfukuza kwa sababu ni chupa ya kioo na yeye ni Nelly.

Asteria ameona yote hayo, ila hakuona kwamba kidonda kilikuwa kama kifuniko cha soda na leo ni kama punje ya hindi.

Wifi yako,
Mama Nelly


Nyarugusu
1 Juni 2024

Kwa wifi Mama Nelly,

Shikamoo tena. Habari za tumbo? Asteria ameniambia unakaribia kujifungua, Mungu akusimamie. Fredy alipata homa, sasa ameanza kucheka.

Barua yako nimeisoma, Edson naye ameisoma. Ameniambia, "Huyu amejieleza kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa." Sikupenda aseme hivyo, lakini limenikaa kichwani. Kila nilichouliza kina jibu lake, hata chungu.

Na nilimpata mama kwenye simu ulipokuwa umekwenda mashineni. Alibonyeza mwenyewe kupokea. Akaongea chinichini, akaniambia, "Mayu, mwanangu, hata chai naomba." Mama yangu, aliyekuwa anawapa chai wapita njia, anaomba chai. Nililia wifi, sikufichi.

Huku kuna mzee anaitwa Bartholomeo, ndiye anayewatibu wachimbaji wakipondwa na mawe. Nimemweleza. Amesema kidonda kikioshwa kila siku hakikauki maisha, na kwamba kisukari hakitoboi unyayo. Ana dawa yake ya unga mweusi, wengi wamepona, nimewaona kwa macho.

Sisemi wewe ni mbaya. Nasema mama yangu akikaa na mimi, akala anachopenda, akashika mjukuu wake, atapona. Najua atapona. Usije ukashangaa.

Wema


Mhunze
3 Julai 2024

Mama Fredy,

Sina salamu ndefu. Nimerudi kutoka mashineni na debe la unga kichwani na tumbo hili mbele, nikakuta kitanda cha mama kimekunjwa. Nelly ananiambia shangazi alikuja na gari, bibi akapanda anacheka. Simu mmeondoka nayo, na namba yako imo humohumo, kwa hiyo hata kukupigia siwezi. Sawa, ni mama yako.

Ila umechukua mama ukaacha chungu. Najua kwa nini hukukigusa. Ungekifukua ungekuta chupa yenye karatasi ya hospitali imebandikwa. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya mtungini, kondakta atakukabidhi pamoja na barua hii. Mpelekee nesi yeyote wa karibu, atakuonyesha kumchoma. Kama hajala usimchome.

Kidonda osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na kiwiko chako ndicho kipime joto, si mguu wake. Kausha kwa kupapasa, funga kitambaa safi, na usiweke unga wowote, mweusi wala mweupe. Asitembee peku. Asiote moto.

Nijibu haya tu: kidonda kina rangi gani, kina harufu, na mguu una joto kuliko mwingine?

Mama Nelly


Nyarugusu
8 Julai 2024

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Usinikasirikie. Ungemwona mama sasa hivi ungefurahi. Uso umechangamka, anakunywa chai ya maziwa na sukari yake, anakula michembe anavyotaka. Anamwimbia Fredy kwa Kisukuma na Fredy anampiga makofi ya mashavu. Kiu tu ndiyo inamsumbua, ndoo ya maji anaimaliza karibu peke yake, na mchana analala sana. Ni uchovu wa safari.

Chupa imefika. Edson amesema isiguswe mpaka tujue ni nini, nimeiweka juu ya kabati. Mzee Bartholomeo amemwekea unga, kidonda kimekauka juu, kimekuwa cheusi kizuri. Mama mwenyewe anasema hakimuumi hata kidogo.

Tuombeane.

Wema


Mhunze
10 Julai 2024

Wema,

Nimekuuliza mguu, unaniandikia habari za uso.

Mara hii ninayeshuku ni mimi. Kiu ile na usingizi ule si safari, ni sukari imepanda. Na mguu wa mama kutouma si dalili njema, haujaanza kutouma leo. Umefunua huo weusi ukaona chini yake? Au hutaki kuona? Nasikia harufu ya huo mguu kutoka huku.

Usimsubiri Edson aamue. Mpeleke hospitali leo. Ukiona aibu sema ni mimi nilimharibu, nakuruhusu. Lakini mpeleke.

Mama Nelly


Hospitalini, Geita
15 Julai 2024

Wifi,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodini, Fredy amelala mgongoni.

Barua yako ilipofika niliikunja nikaiweka. Nilisema una wivu. Jumamosi asubuhi baridi ilikuwa kali, nikawasha jiko la mkaa mama akasogea. Mimi nakaanga dagaa, yeye ananisimulia jinsi kaka Amosi alivyopanda ndama akaburuzwa mpaka kwa katekista. Tunacheka wote. Nikasikia harufu nikadhani nimeunguza dagaa. Nikaepua. Harufu ikabaki. Nikatazama chini, vidole vya mama vimegusa jiko, ngozi imeshikana na bati. Na yeye bado anasimulia. Wifi, alikuwa anacheka.

Nikamvuta mguu, akaniuliza, "Kuna nini?"

Hapo ndipo nilipofungua na kile kitambaa cha kwenye kidonda. Sitaandika nilichokiona. Chini ya weusi kulikuwa kubichi, na wekundu umepanda mpaka kwenye kifundo. Edson ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, na hajasema neno tena juu yako.

Sukari wameanza kuishusha kwa dawa ileile ya kwenye chungu chako. Nesi aliponionyesha chupa yao nilitazama pembeni.

Sasa daktari anasema vidole viwili vimeshakufa, vikatwe mara moja. Wakivitoa sasa mguu unaweza kubaki. Wakichelewa, watakuja kukata chini ya goti. Mama amekataa. Tumemwomba mimi, daktari, mchungaji aliyepita wodini, amekataa wote. Anasema, "Sikatwi na watu wasioujua mguu wangu. Mke wa Amosi aje auangalie. Yeye ndiye aliyekuwa anaujua." Mimi mwenyewe hanipi niuoshe. Nikisogea na beseni anauvuta ndani ya shuka.

Najua hali yako na tumbo. Sina haki ya kukuita. Nakuita.

Wema


Mhunze
16 Julai 2024

Wema,

Barua yako imefika usiku. Mkunga amenikataza kupanda basi, mtoto ameshashuka. Amosi nimemtumia ujumbe kwa simu ya jirani, atafika huko badala yangu, lakini usimsubiri hata yeye. Barua hii inaondoka na gari la kwanza. Yanayofuata si yako. Kaa karibu na kitanda umsomee mama, usipunguze wala usiongeze.

Mama, shikamoo.

Najua utadhani Wema anajitungia. Kumbuka asubuhi ile uliyonikuta jikoni nafuta macho nikakwambia ni moshi. Ukaniambia, huo moshi hata mimi naujua, ukanipokea mwiko ukasonga mwenyewe. Hilo hajui mtu mwingine, kwa hiyo anayeongea hapa ni mimi.

Umesema wasikukate mpaka niangalie. Nimeangalia mama. Nimeangalia kwa macho ya Wema, na amenieleza kila kitu. Vidole hivyo si vyako tena. Nilivijua vilivyokuwa hai, navijua na sasa. Waache wavichukue, ili ubaki na unyayo wa kukanyagia uwanja wako mwenyewe. Mjukuu anakaribia kuja, na mimi sitaweza kukimbizana na Nelly na kichanga peke yangu. Nakuhitaji usimame.

Kuna lingine. Unamficha Wema mguu. Usimfiche. Alikutoa kwangu kwa sababu alidhani nakuua, na mtoto asiyeogopa mama yake kuuawa ni wa nini? Mikono yake haijui bado, atabonyeza pasipotakiwa, atamwaga maji mpaka kitandani, mwache. Hata mimi siku ya kwanza nilikufunga kitambaa kama mzigo wa kuni ukanyamaza tu.

Yuko hapo pembeni yako na hii karatasi, nadhani analia. Akimaliza kusoma mwite nesi uweke dole gumba kwenye karatasi ya kuwaruhusu. Na ukirudi kutoka kukatwa, Wema akija na beseni, mpe mguu, mama.

Mkweo,
Mama Nelly