Waheshimiwa Hawaitwi

Jumapili, 2 Machi

Sijawahi kumwambia mtu hili. Nikibaki peke yangu nyumbani huingia bafuni, nikapindua ndoo, nikapanda juu yake na kutangaza safari za ndege. Mimi! Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali sauti hunikwama kama mwiba wa samaki. Bafuni hainikwami. "Abiria wa mwisho, tafadhali fika mlango namba nne." Vigae huirudisha sauti, ikawa ya mama kabisa.

Mama yuko shirika la ndege la taifa. Ndiye msimamizi wa mlango wa safari za nje: anaita abiria, anawahakiki, anafunga. Aliyechelewa huitwa mara tatu, kwa majina yake yote, kisha mlango unafungwa. Ila waheshimiwa hawaitwi. Haijaandikwa popote, lakini pale kila mtu anajua. Mheshimiwa asipofika, ndege inangoja tu, na abiria wanaambiwa ni hali ya hewa.

Ijumaa mama alimwita mmoja. Tena si wa pembeni – mwenyekiti wa kamati ya bunge inayolisimamia shirika lenyewe! Alikuwa kwenye sebule ya wageni mashuhuri, anakunywa chai. Uwanja wa kule waendako hufungwa usiku, na ndani ya ndege mlikuwa na wagonjwa wanaokwenda kupasuliwa. Mama akamtaja mara tatu. Akafunga.

Tangu jana hajala la maana. Kaka kajaribu kumchangamsha: "Mama, simba umemfungia nje. Sasa nani atatangulia kutoka?" Hakuna aliyecheka, hata kaka mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Shule nzima inajua. Nikiingia darasani, anayekaa nyuma yangu anapaza sauti: "Fungeni mlango, huyu ndiye wa mwisho!" Leo nimecheka nao. Najichukia nikicheka nao.

Na balaa haliji peke yake. Alhamisi darasa letu linakwenda bungeni kuitazama kamati ikifanya kazi. Ziara ilipangwa tangu muhula uliopita. Mada ya siku hiyo: kuchelewa kwa safari za nje. Anayehojiwa: mama. Na atakayesoma neno la shukrani kwa niaba ya shule – mimi! Eti kwa sababu insha zangu ni nzuri.

Nilimfuata mwalimu wa uraia ofisini. Nikamwambia siwezi, yule ni mama yangu. Akasema mama ni mama na kamati ni kamati, serikali haina ndugu. Kila mtu anajua kwamba anasubiri kupandishwa cheo.

Alhamisi, 6 Machi

Ukumbi una zulia nene, ukitembea husikii hatua zako. Mama alivaa sare. Hakunitazama.

Nilidhani wataulizia ndege zinazochelewa. Wapi! Mwenyekiti aliegemea kiti, akaanza taratibu.

"Dada, ulinitaja kwa kipaza sauti?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hadharani? Mimi? Kama begi lililopotea?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Mwalimu wetu naye akacheka!

Moyoni nikawa nasema: mwambie, mama. Waambie juu ya wagonjwa. Waambie uwanja ungefungwa. Mama akasema amekosea, anaomba radhi.

"Sauti, dada. Siku ile ulikuwa nayo."

"Nilikosea, mheshimiwa."

Kumbe ilipangwa. Mkubwa wake alimpigia simu jana: ukijishusha, kazi inabaki. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kisha nikaitwa. Karatasi aliiandika mwalimu: tunaishukuru kamati kwa jicho lake kali, kwa kulilinda shirika letu, kwa uzalendo. Nikafumba macho, nikaiwaza ndoo. Na sauti ikatoka – safi, haina mwiba, ya mama kabisa. Nikasoma yote. Neno kwa neno. Hata "uzalendo".

Makofi! Mwenyekiti akasema sauti kama hii ndiyo inayotakiwa viwanjani, isiyo na kiburi. Akaagiza nikaribishe wageni Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kuzindua safari mpya ya nje. Akauliza, binti wa nani huyu?

Mama alikuwa anaitazama mikono yake.

"Ni wa shule yetu, mheshimiwa," akajibu mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kahamishiwa kwenye mizigo. "Kwa muda." Jumatatu ya tarehe 17 kamati ndiyo itakayosema kama anabaki au anafukuzwa. Yaani kujishusha kote kule! Hatuna mwingine anayetulisha.



Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia mama Jumamosi siendi. Alikuwa anakanda vifundo vya miguu, mabegi yamemchosha.

"Utakwenda. Na utasoma ulichoandikiwa, basi. Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimeshaubusu. Unanuka."

Akacheka! Kidogo, kwa puani, lakini alicheka. Halafu akafuta uso na kusema tena: soma ulichoandikiwa. Jumatatu si mbali.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia uwanjani, ofisini kwa mkuu wa kituo cha shirika. Yeye kakimbilia kwenye ile sebule ya waheshimiwa. Mlinzi yuko mlangoni, kaniletea maji na kuniambia, "Kunywa, mwanangu, mambo haya yatapoa." Nataka kuandika kabla hawajanihoji, wasije wakaniambia ilikuwa vingine.

Mlango namba nne ulipambwa kwa maua ya plastiki na utepe. Mwenyekiti angekata utepe, apande wa mwisho, ndege iondoke. Abiria wote walishapanda, isipokuwa mzee mmoja mgonjwa wa moyo kwenye kiti cha magurudumu. Huyo walimbakiza ili apigwe picha na mheshimiwa. Kiti kilisukumwa na mama – wafanyakazi walikuwa wachache, wakamtoa kwenye mizigo.

Tukangoja. Wapiga picha wakakaa chini. Sebule ya wageni mashuhuri ina ukuta wa kioo. Niliviona viatu vyake chini ya meza, kimoja juu ya kingine, kinacheza.

Mzee akaniuliza, "Binti, tunamsubiri nani?"

Nikamtazama mkuu wa kituo. Akatazama dari.

"Kule wanafunga usiku," mzee akasema. "Daktari aliniambia nisichelewe. Tunamsubiri nani?"

Mkuu wa kituo akaniletea karatasi, akaninong'oneza niisome kwa ile sauti yangu nzuri, watu watulie. Ilisema safari imecheleweshwa kidogo na hali mbaya ya hewa. Dirishani jua lilikuwa linawaka, hakuna hata kijiwingu.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mzee. Alinijua kabla sijajijua. Akatikisa kichwa – kidogo sana. Usithubutu.

Niliiweka karatasi mezani. Nikawasha kipaza sauti. Nikasema, abiria wa mwisho, tafadhali fika mlango namba nne, nikataja majina yake yote matatu. Bila mheshimiwa. Kule kwenye kioo kiatu kikaacha kucheza.

Mkuu wa kituo alisema, "We mtoto!" na kuanza kutafuta waya ulipochomekwa. Nikamtaja mara ya pili.

Ndipo nikamwona mama. Aliinama, akamwambia mzee jambo sikioni, akasukuma kiti kwa nguvu kuingia ndani. Utepe ukakatikia kwenye magoti ya mzee. Akampokeza mhudumu wa ndege. Kisha akarudi, akasimama pale anaposimama siku zote, mkono kwenye mlango. Hakutikisa kichwa tena. Alinitazama tu, anangoja.

Nikamtaja mara ya tatu.