Joka Lililokwama Ndani ya Kompyuta ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeharibu. Naandika hapa maana hapa hakuna wa kunisoma.

Asubuhi kompyuta ya karakana ilileta kidirisha: masasisho 212 yanasubiri. Baba mkwe alikuwa bado anakunywa uji wake wa samaki. Mimi na kidole changu — nikabonyeza. Ikajisasisha, ikajizima, ikawaka. Linux safi, kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo. Ila mashine pepe, ile kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, imegoma. Inasema haioni moduli yake, kipande kinachoiunganisha, kwenye kerneli hii.

Na ndani ya mashine pepe ndimo ilimo Windows ya zamani. Ndani ya Windows imo programu ya Baba ya kuchora tarizi, ambayo walioitengeneza walishafunga duka. Ndani ya programu — joka. Joka la mwaka 1999, mishono laki tatu, alilolichora kabla mkono haujaanza kutetemeka. Hekalu linalitaka lile lile kwenye joho jipya la Mungu Mama wa Bahari, na watalifuata tarehe 28. Mkono ule hauwezi kulichora tena.

Baba akauliza imekuwaje. Nikasema: sijui, Baba, imegoma tu.

Sijui! Mimi!

Jumanne, 4 Machi

Nimeiweka upya programu ya mashine pepe mara nne. Kila mara inajaribu kujiundia moduli, inafika katikati, inatapika makosa ukurasa mzima. Programu ya juzi, kerneli ya leo — hawaelewani.

Basi turudi kerneli ya zamani. Haipo. Niliifuta mwenyewe jana, mara tu baada ya kusasisha, ili nipate nafasi kwenye diski. Usafi wangu utaniua. Na ghala la mtandaoni halina tena.

Halafu Mama mkwe akaja, akageuza ile pakiti ya kijani iliyo juu ya kompyuta. Vitafunwa vya mahindi, ladha ya nazi, vinakaa pale kama hirizi, desturi ya huku kwetu, ili mashine iwe na adabu. Haviliwi. Kijani tu — ya njano huleta balaa — na tarehe isiwe imepita. Yetu imeisha 28 Februari.

Kubadilisha pakiti ni kazi ya Mama, miaka yote.

"Kumbe," akasema Baba.

"Ni mimi," akasema Mama, akakaa kwenye kiti cha mafundi. "Nimemkosesha Mungu Mama joho lake."

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Mwoga mkubwa.

Jumatano, 5 Machi

Pakiti mpya, tatu. Mashine pepe haijajali.

Mama ameenda hekaluni na machungwa kuomba radhi. Akadondosha vile vipande viwili vya mbao vya kumuulizia Mungu, akauliza: kosa ni la pakiti yangu? Mara tatu vikajibu hapana. Karudi amenywea. Anasema Mungu Mama amechukia kiasi kwamba hataki hata kumpa jibu la maana.

Nikamwambia, labda ndilo jibu lenyewe, Mama.

"Wewe msomi wa kompyuta, ya hekaluni unayajulia wapi?"

Nayajua, Mama. Sana.

Jumamosi, 8 Machi

Tsung-yen yuko nyumbani. Mume wangu huyu anatengeneza chipu za kompyuta huko Hsinchu, vitu vyembamba kuliko unywele, lakini printa ya nyumbani huwa inamshinda. Mezani akatoa ushauri: tununue programu mpya, tupige picha joho la zamani, programu ilichore joka yenyewe.

Baba akaweka vijiti chini. Akaenda kufagia karakana iliyokwisha fagiwa.

"Nimesema nini?" Tsung-yen akauliza.

"Umesema ya kwako," nikamwambia. "Kula."

Mama hakuwa anakula ila mboga. Ameweka nadhiri: hagusi nyama wala samaki mpaka joka lifunguke. Mwanamke wa Tainan, anyimwe samaki! Nilimeza wangu kwa shida.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata jibu! Niliuliza kwenye jukwaa la mtandaoni, akajibu bwana mmoja wa Daegu ambaye simjui hata sura. Anasema kwenye kerneli mpya kuna kitu kimebadilishwa jina, na programu ya mashine pepe bado inakiita kwa jina la zamani. Bibi arusi kahama, barua bado zinapelekwa kwa wazazi wake. Akanitumia kiraka cha kuirekebisha programu, mistari sita. Moduli imeundika bila kosa hata moja.

Na bado imekataa. Kompyuta inazuia moduli isiyo na saini ya kidijitali. Nisaini kwa ufunguo gani? Sina ufunguo. Kumbe natakiwa kuutengeneza mwenyewe, kisha kompyuta ikiwaka nithibitishe kwamba mimi ndimi mimi.

Baba alikuja mara mbili kusimama nyuma yangu. Haulizi. Ananiletea chai tu. Afadhali angeuliza.

Alhamisi, 13 Machi

Limefunguka.

Saini imekubalika. Ikabaki moja: kerneli mpya ina mashine pepe zake, zinawahi kushika prosesa kabla yetu. Nikaziondoa kwa amri moja. Windows ikaita kwa ule mlio wake wa kizamani, na Baba akaja na kandambili mguu mmoja.

Akatafuta faili mwenyewe, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Joka likatokea, la kijani na dhahabu, jicho limetuangalia. Baba akasogea karibu. Akahesabu kucha za mguu wa mbele, moja mpaka tano, kama mtu anayehakiki mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Nililia kidogo. Nikasingizia vumbi la nyuzi.

Sasa kwenye skrini kuna kidirisha: masasisho 9 yanasubiri. Nimekizima daima.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika chooni. Wenzangu wote wako mezani.

Mashine inatarizi kule karakanani tangu asubuhi, imefika mkiani. Mama kapika samaki wawili, nadhiri imekwisha. Bwana Hou wa kamati ya hekalu amekuja kuangalia, akabakishwa kula. Akauliza, kwa utani tu, kumbe shida ilikuwa pakiti? Mama akainamisha kichwa. Mbele ya kamati.

Nikasema moyoni, sasa, Li-hsuan, sema sasa. Nikavuta pumzi.

Baba akasema: "Si pakiti. Ni mimi. Niliona kidirisha nikabonyeza."

Mama akaanza kumfokea. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, mumewe anamfungisha wiki nzima bila samaki, na yeye anatazama tu! Bwana Hou anacheka. Baba anachambua miiba. Hajaniangalia hata mara moja. Nikasema tumbo linauma.

Toka huku namsikia Mama bado anaendelea. Akimaliza nitatoka niseme. Au niseme kesho, Bwana Hou akishaondoka —

Mama ametoka mezani. Yuko mlangoni. Anasema taratibu, wa mezani wasisikie: "Toka ule, mwanangu. Baba yako hata hicho kitufe hajui kilipo."

Bado amesimama hapo. Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.